Mchungaji anataka nisaini, moyo unakataa. Nitajuaje kama ni Roho au ni kinyongo changu?

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Nimeokoka tangu nikiwa msichana, na kwa miaka kadhaa sasa mimi ndiye mhazini wa kanisa letu. Si kanisa kubwa. Sadaka nazihesabu na mzee mmoja baada ya ibada, naziandika kwenye daftari, na hakuna fedha inayotoka benki bila saini yangu na ya mchungaji.

Tulifanya changizo kwa ajili ya wajane. Lilitangazwa madhabahuni, tukagawa bahasha zilizoandikwa “Mfuko wa Wajane”, na watu wakatoa kwa moyo. Kabla hatujaanza kugawa, mchungaji aliniita ofisini akanikabidhi vocha ya malipo iliyokwisha kujazwa: kununua vyombo vya sauti, fedha zitoke kwenye mfuko ule. Yeye alikuwa ameshasaini. Nikauliza kama wazee wanajua. Akasema wataelezwa baadaye, kwamba fedha ni za Mungu na kazi ni ya Mungu, na Injili ikisikika vizuri watu wataongezeka na wajane watasaidiwa mara mbili. Aliponiona nasita akaniambia, tena kwa upole, “Dada, ukomavu wa kiroho ni utii. Mtoto mchanga ndiye anayeuliza kwa nini.” Kisha akanikumbusha lile neno, “Msiwaguse masihi wangu.”

Sijasaini. Vocha nimeiweka ndani ya daftari, na kila nikilifungua naiona. Nimefunga, nimeomba, nimemwomba Mungu anipe ishara. Usiku mmoja nilifungua Biblia bila kuchagua, macho yakaangukia Waebrania 13:17, “Watiini wenye kuwaongoza,” nikalia. Siku nyingine nikafungua nikamkuta nabii Mika akiwakemea viongozi. Sasa sijui Mungu anasema lipi.

Kinachonitesa zaidi ni hiki. Kabla ya haya yote mchungaji alinikaripia mbele ya kamati kwa kosa la hesabu ambalo halikuwa langu. Hajawahi kuomba radhi. Nilisema nimesamehe, lakini nikimwona anapanda madhabahuni kuna kitu kinanikaba kooni. Kwa hiyo najiuliza, huku kukataa kwangu ni sauti ya Roho, au ni kisasi kilichovaa nguo za dini? Mkristo aliyekomaa angejua. Mimi sijui. Dada mmoja wa maombi, niliyemdokezea bila kumwambia mambo yenyewe, alisema nifuate amani ya moyo. Nikifikiria kusaini sina amani. Nikifikiria kukataa sina amani pia.

Jumapili iliyopita mama mmoja mjane alinishika mkono mlangoni akaniuliza, “Mwanangu, ule mfuko wetu umefikia wapi?” Nikakosa la kumjibu. Nawaza nijiuzulu kimyakimya niachane na haya. Nifanyeje?

Mhazini asiyelala

*

Dada mpendwa,

Na asifiwe. Nianze na yale yasiyoweza kungoja. Usisaini vocha hiyo kama ilivyo, na usijiuzulu wiki hii. Mengine tuyaongee taratibu.

Umefunga maswali mawili katika fundo moja, ndiyo maana hulali. Moja linauliza kama jambo hili ni sawa. La pili linauliza kama moyo wako ni safi. Naona umekuwa ukingoja kulimaliza la pili ndipo uthubutu kuligusa la kwanza, na hapo utangoja sana, maana hakuna hata mmoja wetu anayeujua moyo wake mpaka chini. Anza na jambo lenyewe. Chukua vocha hiyohiyo, lakini fikiri kwamba imeletwa na mchungaji unayempenda kuliko wote uliowahi kuwa nao, ambaye hajawahi kukukosea hata siku moja. Bahasha bado zimeandikwa “Mfuko wa Wajane”. Waliotoa waliyasoma maneno hayo. Wazee hawajaambiwa. Je, ungesaini? Nadhani ungesita vilevile. Basi kinyongo hakikuzaa kusita huko. Kimejiunga tu njiani.

Sasa hoja ya mchungaji, kwamba fedha ni za Mungu na kazi ni ya Mungu. Hoja ya namna hii Yesu aliwahi kuijibu, na jibu lake liko Marko 7. Palikuwa na watu waliokuwa na wajibu wa kuwatunza wazazi wao. Mtu akitamka kwamba kile ambacho kingewafaa wazazi ni Korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu, walimu wa dini walimfungua na wajibu ule. Hekalu lilikuwa la Mungu kweli, na Yesu hakubishana juu ya hilo. Alichokataa ni jina la Mungu kutumiwa kumnyang’anya mtu haki ambayo Mungu mwenyewe ameagiza apewe. Akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Ukilisoma kwa makini utaona kwamba kilichomkasirisha hakikuwa wizi wa kawaida. Ni kwamba dhuluma ilipewa sura ya ibada, na ikishapewa sura hiyo, mnyonge hana tena pa kulalamika, kwa sababu akilalamika ataonekana anashindana na Mungu.

Ndiyo maana sikubaliani na “wataelezwa baadaye”. Wakati wa mfalme Yoashi hekalu lilikuwa limebomoka na fedha za kulitengeneza zilihitajika sana. Soma 2 Wafalme 12. Kasha liliwekwa karibu na madhabahu, na lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha wakiwa pamoja. Kisha kuna mstari ambao watu huupita haraka, ule wa 16: fedha ya sadaka ya hatia na ya sadaka ya dhambi haikuingizwa katika matengenezo, kwa kuwa ilikuwa ya makuhani. Nyumba ya Bwana ina nyufa, na bado fedha iliyokuwa na mwenyewe haikuguswa. Paulo naye, alipokuwa anakusanya msaada kwa ajili ya maskini wa watakatifu walioko Yerusalemu, hakuwaambia Wakorintho wamwamini tu kwa sababu yeye ni mtume. Alikubali asafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na sababu aliyoitoa ni kwamba wanatangulia kufikiri yaliyo mema, “si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu” (2 Wakorintho 8:21). Mtume aliyemwona Bwana aliyefufuka aliona si aibu kusimamiwa katika fedha. Mchungaji wako hapungukiwi na kitu akisimamiwa.

Sisemi kwamba mchungaji wako ni mwizi. Kwa ulivyoandika, huenda anaamini kabisa anachosema, na vyombo vya sauti huenda vinahitajika kweli. Watu wema hufanya mambo ya namna hii wakiwa na haraka ya kuona kazi ya Mungu inaendelea. Lakini nia njema haibadilishi maandishi yaliyo juu ya bahasha.

Tuje kwenye utii. Hakukosea kabisa. Waebrania 5 inasema Mwana mwenyewe alijifunza kutii, na Mkristo asiyejua kumtii mtu yeyote hajakomaa hata akijua Maandiko yote. Ila sura hiyohiyo haikuishia hapo. Mstari wa 14 unasema chakula kigumu ni cha watu wazima, “ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya.” Kwa kutumiwa, dada yangu. Mtu ambaye kila jambo anapelekewa likiwa limeshaamuliwa, naye kazi yake ni kuitikia, akili yake ya kiroho haitumiwi, na isiyotumiwa haizoezwi. Anaweza kukaa kanisani mpaka nywele ziwe nyeupe akiwa bado anakunywa maziwa. Waraka ule uliwalaumu watu waliopaswa kuwa walimu kwa sababu ya muda waliokuwa nao katika imani, lakini walikuwa bado wanahitaji kufundishwa yale ya mwanzo. Kuuliza hakumo katika lawama ile.

Na ule mstari uliokuliza, Waebrania 13:17, uliusoma nusu. Endelea mbele kidogo: viongozi wanakesha kwa ajili ya roho zenu “kama watu watakaotoa hesabu.” Wewe ni mhazini, unajua kutoa hesabu ni nini. Utii unaotajwa pale ni kwa kiongozi ambaye naye anajua atasimama kuulizwa. Kumsaidia asisimame na vocha kama hii mkononi ni sehemu ya kumtii.

“Msiwaguse masihi wangu” nalo limetumiwa sana kuwanyamazisha watu, kwa hiyo mtazame Daudi, maana ndiye aliyeliishi. Katika 1 Samweli 24 alikuwa na Sauli pangoni, akakata upindo wa vazi lake, na moyo ukamchoma hata kwa hilo. Hakunyosha mkono juu ya masihi wa Bwana. Lakini Sauli alipotoka, Daudi naye alitoka, akamwita, akainama kifudifudi kwa heshima, akainua kile kipande cha nguo na kumwambia wazi kwamba anamwinda bure. Heshima na ukweli vilitoka katika kinywa kimoja. Kutomgusa hakukuwa kunyamaza.

Kuhusu ishara. Gideoni aliomba ishara ya ngozi ya kondoo baada ya kuwa ameshaambiwa la kufanya, na Mungu alimvumilia, lakini sioni popote ambapo jambo hilo limewekwa kuwa njia ya kawaida ya kuujua uovu na wema. Mungu hakunong’onezi kwa kurasa zinazofunguka ovyo. Maneno ya Waebrania na ya Mika ni ya kweli yote mawili, na hayagombani. Yanagombana tu yakichomolewa mstari mmoja mmoja usiku na mtu aliyechoka kwa kufunga.

Na amani ya moyo? Dada yako wa maombi alikuambia jambo zuri katika mahali pasipofaa. Yona alipomkimbia Mungu alishuka chini ya merikebu akalala usingizi mzito huku dhoruba ikivuma. Yesu akiwa katikati ya mapenzi ya Baba, kule Gethsemane, alihuzunika kiasi cha kufa. Ukipima kwa utulivu wa tumbo, Yona ndiye aliyekuwa sawa. Unapokuwa katika jambo ambalo njia zote mbili zina gharama, kukosa amani kunaonyesha tu kwamba umeiona gharama. Na hapo nikuambie neno kuhusu hofu yako kwamba hujakomaa. Aliye mchanga angesaini akaenda nyumbani, au angekataa kwa kelele na kulieneza jambo zima kabla ya jioni. Wewe umekaa na vocha ndani ya daftari ukijichunguza. Huko ndiko kuzoezwa kunakosemwa na waraka ule, na kunauma.

Sasa moyo wako. Sitaki ulikwepe swali hili, maana umelileta mwenyewe kwa unyofu. Kukaripiwa mbele za watu kwa kosa la mwingine ni jeraha, na mtu anaweza kuwa amesamehe kweli na bado koo likamkaba. Lakini kinyongo kikiwepo kitaonekana mahali pengine, si katika kukataa kusaini. Jiulize hivi: ikitokea kesho ukakuta kwamba wazee waliidhinisha kwenye kikao ambacho hukuhudhuria, na waliotoa waliulizwa wakakubali, utafurahi au utavunjika moyo? Usijibu haraka. Kama kuna sehemu yako ambayo ingesikitika kuona hana hatia, hapo ndipo kinyongo kinapokaa, na hapo ndipo pa kuombea. Upendo, anasema Paulo, “haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli.” Hufurahi na kweli hata ikimsafisha mtu aliyetuumiza. Tena anapowaombea Wafilipi wapate kutambua yaliyo mazuri, haanzi kwa kuomba akili kali. Anaomba pendo lao lizidi kuwa jingi, katika hekima na ufahamu wote. Ukimchukia mtu utayaona makosa yake yote na hutaona kitu kingine, na jicho la namna hiyo halipambanui.

Kwa hiyo uchungu wako hauibatilishi hoja yako, ila unakutaka uangalie sana namna utakavyoisema. Yale ya kamati yaache nje ya mazungumzo haya. Yatafutie siku yake. Ukiyachanganya, mchungaji atasikia jeraha tu, na vocha itasahaulika, naye atakuwa na haki ya kufikiri hivyo.

Jambo jingine linanipa wasiwasi kuliko vocha: hujamwambia mtu. Umedokeza nusu kwa mtu mmoja, basi. Yohane Kasiano, mtawa aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5, alisimulia habari za mzee aitwaye Heroni, aliyekaa jangwani miaka 50 akifunga na kuomba kwa ukali kuliko wenzake wote, kiasi kwamba hata Pasaka hakujumuika nao. Mwisho aliona kile alichodhani ni malaika wa nuru, akakiamini, akajitupa kisimani akiamini kwamba utakatifu wake utamlinda. Ndugu walimtoa kwa shida, akafa siku ya tatu, na hata hapo hawakuweza kumshawishi kwamba alidanganywa. Kasiano hakulaumu kufunga kwake. Alilaumu kukosa busara ya kupambanua, kwa kuwa Heroni alifuata maamuzi yake mwenyewe kuliko shauri la ndugu. Wewe unafunga peke yako, unafungua Biblia peke yako, unalia peke yako. Hata mitume, walipokwama katika suala la Mataifa na tohara, walikaa kikao Yerusalemu wakabishana, ndipo wakaandika, “ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi.” Roho alisema katikati ya mjadala.

Basi fanya hivi. Omba kuonana na mchungaji faraghani, kama Mathayo 18 inavyoelekeza, na umrudishie vocha ikiwa haina saini yako. Mwambie: “Mchungaji, fedha hizi tuliziomba kwa jina la wajane. Siwezi kuzitoa kwa kazi nyingine mpaka wazee wakae na waliotoa waambiwe. Vyombo vya sauti navitaka na mimi. Tukitangaza changizo lake, nitakuwa wa kwanza kutoa.” Usiongeze hotuba. Akikubali, umempata ndugu yako. Akikataa, au akikutisha, nenda kwa yule mzee mnayehesabu naye sadaka, mwambie yote, muwe wawili mtakaporudi kwake, na kutoka hapo jambo liende kwenye kikao cha wazee kwa maandishi. Andika tarehe uliyopewa vocha na tarehe uliyoirudisha. Wala usilipeleke kwenye kundi la maombi likiwa limevikwa jina la ombi la maombi. Nimeona makanisa yakipasuka kwa maombi ya namna hiyo kuliko kwa fedha zenyewe.

Yule mama mjane ana haki ya jibu. Mwambie ukweli ulio mkononi mwako: fedha zipo, hazijaanza kugawiwa, na utauliza kikaoni lini zitaanza. Habari za vocha usimtwike kwa sasa, kwa sababu hana la kuzifanyia isipokuwa kuumia.

Kujiuzulu nakuelewa, lakini Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, ambaye alianza kujifunza kupima mienendo ya moyo akiwa kitandani baada ya kujeruhiwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521, aliacha kanuni moja ninayoithamini sana: wakati wa giza la roho usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa katika nuru. Uliukubali uhazini ukiwa na akili timamu na moyo mweupe. Usiuache kwa sababu ya usiku mbaya. Tena ukitoka kimya, vocha itabaki ndani ya daftari, na atakayelirithi ataikuta ina saini moja tayari bila kujua habari zake. Ikifika mahali wazee nao wakakuagiza usaini kwa siri, hapo jiuzulu, kwa barua, ukitaja sababu.

Lakini jiandae pia kwa jambo ambalo huenda hulitarajii. Huenda wazee wakakaa, wakatangaza mbele ya kanisa kwamba kuna pendekezo la kubadilisha matumizi, waliotoa wakaulizwa, wajane wakasikilizwa, na wengi wakakubali sehemu ya fedha inunue vyombo vya sauti. Wewe utaona wamekosea. Utakuwa na haki ya kusimama kikaoni na kupinga, na nakusihi upinge, maana wajane hawana wasemaji wengi. Ila wakishaamua mchana kweupe, kwa ridhaa ya wenye fedha, jambo hilo halitakuwa tena udanganyifu. Litakuwa uamuzi ambao wewe usingeufanya, na dhamiri yako haina mamlaka ya kuwazuia. Hapo unaweza kuandika pingamizi lako kwenye muhtasari, ukasaini vocha mpya, na kuendelea kuhesabu sadaka Jumapili inayofuata.

Wako katika Bwana,
Mshauri